Maji Katika Kasiba: Habari ya Bunduki Moja Ukambani

Siku moja mwishoni mwa Agosti 1851, mtu mmoja aliyekuwa peke yake katika nyika ya mashariki ya Ukambani, mwenye umri wa miaka 41, aliyekoswa na mishale na kutengwa na wenziwe, aliteremka ukingoni mwa mto Tana akanywa mpaka kiu yake ikakatika. Na alipokwisha kunywa akatazama huku na huku asione kibuyu wala kata ya kuchukulia akiba ya njiani, akaikamata bunduki yake, ambayo kwa saa ile haikumfaa kwa kitu kingine chochote, akaisimamisha mdomo juu, akaijaza maji mitutu yake, kisha akaiziba kwa majani na kwa vipande vya kitambaa alivyovikata katika suruali yake mwenyewe. Mfuko wa ngozi wa darubini yake nao akaujaza maji. Mtu huyo alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyetumwa na jumuiya ya Kiingereza ya CMS, na habari hii ameieleza yeye mwenyewe katika kitabu cha safari zake kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1860.

Wengi walioisoma habari hii wameistaajabia kwa ajili ya subira ya mtu yule, au kwa ajili ya imani yake, na mimi siwakatazi. Lakini kwangu imekaa moyoni kwa sababu nyingine, iliyo ya kifundi zaidi kuliko ya kidini, nayo ni kwamba maji yale yalikaa. Bomba la chuma lililo wazi pande zote mbili halikai na maji. Na mtutu wa bunduki, kabla haujawa bunduki, si kitu ila bomba la namna hiyo. Kilichozuia maji ya Tana yasimwagikie miguuni pa Krapf ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole gumba, ambacho mwenye bunduki huweza kuishi nacho miaka ishirini bila ya kukiona hata mara moja, na ambacho, siku kikimhini, huenda asiwe na jicho la kukitazamia.

Yafaa nieleze, maana magobori yamekuwa adimu, na vijana wa Kitui na Makueni waliopata kuliona moja kwa macho ni wachache. Gobori ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomoni. Baruti humiminwa kwanza, likafuata zibo la kitambaa au la makumbi, ikafuata risasi moja au marisaa mengi, na vyote hushindiliwa kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu ulalao chini ya kasiba, kama wazee walivyouita mtutu. Upande wa nyuma pana kitundu chembamba kiitwacho kifa, ambacho moto hupita kwacho: katika bunduki za zamani zaidi ni cheche za jiwe la gumegume, na katika zile zilizofuata ni fataki ya shaba ivikwayo juu ya kifa na kugongwa na mtambo. Na nyuma kabisa, mahali ambapo mnunuzi hatazami kwa kuwa pamefunikwa na mti, pana kizibo. Fundi hukata hesi ndani ya tako la kasiba, akakata hesi nyingine iliyo mwenziwe juu ya parafujo nene, akaiingiza parafujo hiyo kwa kuizungusha mpaka ikaketi barabara, na mkia wake akaulaza juu ya mti wa bunduki na kuufunga kwa msumari. Mpigaji alengapo, shavu lake huwa karibu shubiri moja tu nyuma ya parafujo hiyo.

Baruti nyeusi, ambayo kwa kipimo kilichozoeleka ni sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti, haina adabu ya kuchagua njia. Ikishawaka husukuma pande zote kwa nguvu moja, na risasi hutoka mbele kwa sababu tu nyuma pamekataa. Hesi zikiwa pana na zimeshikana, nyuma hukataa maisha. Zikiwa chache, au zimelegea, au zimeliwa na kutu, parafujo yenyewe hugeuka kuwa risasi, na shabaha yake ni uso wa mwenye bunduki.

Ndiyo maana watu wa ufundi huu hawakukubali kizibo kwa kukitazama tu. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na mji wa Birmingham, ambao bunduki zake zilifika katika kila bandari ya Afrika, ulipata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813 kwa sheria ya bunge. Katika nyumba hiyo mitutu ililazwa safu safu ndani ya chumba chenye kuta nene, ikashindiliwa baruti nyingi kupita kipimo cha matumizi, ikaunganishwa kwa mstari wa baruti uliopita penye vifa vyote. Watu wakatoka, mlango ukafungwa, mstari ukawashwa kutoka nje, na risasi zikaenda kuzama katika lundo la mchanga. Mtutu uliopasuka ulitupwa. Uliosalimika haukuaminiwa papo hapo, bali uliachwa kwa muda na masizi yake ndani, ili chumvi ya shura ivute unyevu na kufichua ufa ambao jicho halikuuona, na ndipo ukapigwa muhuri. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1868 ilifanya kuwa hatia kuuza bunduki isiyo na muhuri huo.

Fundi mmoja mmoja, aliyechonga parafujo mpya kwa ajili ya bunduki moja tu, hana chumba cha kuta nene, lakini kanuni ni ile ile na mwenye akili haikiuki. Huifunga bunduki juu ya gogo zito, mdomo ukielekea kichuguu. Hupiga alama moja nyembamba ya patasi ipitayo juu ya kizibo na juu ya kasiba kwa pamoja. Hufunga kamba ndefu katika mtambo, akajificha nyuma ya mti mnene, akavuta. Huanza na shehena ya kawaida, kisha huongeza kidogo kidogo hadi kupita kiasi ambacho mwenye bunduki hataruhusiwa kukitumia kamwe. Baada ya kila mlio huirudia alama yake: ikiwa mstari umevunjika, hata kwa unene wa unywele, kizibo kimezunguka, na kilichozunguka leo kitatoka kesho. Hupangusa kiungo kwa kitambaa cheupe akatafuta masizi. Huifungua parafujo akasoma hesi zake moja baada ya moja, kwa kuwa weusi ulioishia katika hesi ya kwanza husamehewa, bali ule uliofika katika hesi ya mwisho ni moshi uliokwisha kupata njia ya kutorokea. Na mwisho kabisa, kwa kuwa masizi ya baruti hayaoshwi vizuri ila kwa maji ya moto, huziba kifa, akajaza maji ndani ya kasiba na kuyaacha yakae, akitazama kama litatokea tone lolote kuzunguka kiungo. Maji hayana haraka; hupapasa mpaka yakaona.

Pana hila moja ambayo imewadhulumu mafundi wengi, nami siwezi kuipita bila ya kuitaja. Mshindiliaji mvivu akiiacha risasi katikati ya kasiba, isiikalie baruti, nafasi ile tupu huifanya bunduki nzuri ivimbe au ipasuke, na lawama yote humwangukia aliyechonga parafujo. Ndiyo sababu mwenye hadhari hutia alama juu ya mdeki wake, ajue kwa kuona kwamba risasi imefika mahali pake.

Sasa turejee Ukambani. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mwaka huo huo, na baada ya miaka miwili akafanya makao Rabai pamoja na mwenziwe Johannes Rebmann. Huko Rabai na Mombasa watu aliowaona wakishuka kutoka bara na pembe za ndovu, katika misafara ambayo yeye mwenyewe aliikadiria kuwa ya watu 200 hadi 300, walikuwa ni Wakamba; kwa kuwa zama hizo, kabla ya Waswahili na Waarabu wa pwani kuikamata njia ile, biashara ya baina ya Mombasa na bara ilikuwa mikononi mwao. Novemba 1849 akaenda nao mpaka Kitui, kwa mkuu wa wafanyabiashara wale, Kivui Mwendwa, ambaye alimweleza habari ya mlima mrefu wenye kichwa cheupe. Na tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, Krapf akauona kwa mbali Mlima Kenya. Wanazuoni wa Ulaya walimcheka kwa kuwa alidai kwamba pana theluji karibu na ikweta. Kivui, ambaye hakusoma chuo chochote, aliujua mlima ule miaka yote.

Jambo la kutazamwa ni kwamba watu hawa, waliofika pwani mara kwa mara na kukutana na kila bidhaa ya bahari, hawakuitupa silaha yao ya kale. Bunduki hazikukosekana. Mkataba ambao Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, aliuandikiana na Wamarekani mwaka 1833 uliwapa ruhusa ya kuuza bunduki na baruti katika bandari zake zote, isipokuwa kisiwani Unguja, ambako mnunuzi alipaswa kuwa serikali peke yake. Na maadamu Mombasa iliingia chini ya Sayyid miaka michache baadaye, mlango ulikuwa wazi. Hata hivyo Mkamba aliendelea kupanda na kushuka na upinde wake, podo lake na sime yake.

Kuna wanaoandika kwamba hilo lilikuwa ni kuchelewa kustaarabika. Mimi nasema lilikuwa ni hesabu, tena hesabu sahihi. Mshale wa Mkamba una ncha ya chuma iliyopakwa ivai, sumu itokanayo na mti, ukazungushiwa utepe wa ngozi laini ili sumu isikauke. Hauna mlio wa kuwashtua ndovu wengine. Mvua haiuzimi kama izimavyo baruti. Na juu yake pana alama ya mwenyewe, ili mnyama akiangukia mbali ijulikane ni nani aliyempiga, na ugomvi ukizuka ijulikane ni nani wa kuulizwa. Sasa lilinganishe na gobori la biashara, lililotoka ghalani kwa bei ndogo, likapita mikono mitano, likavunjika, likatengenezwa na mtu asiyejulikana kwa parafujo ambayo hakuna aliyeifunga juu ya gogo na kuivuta kwa kamba. Nani hapo angeulizwa?

Wala haikuwa kwamba Ukambani ilikosa chuma au watu wa kukifua. Wahunzi wake waliosha mchanga mweusi wa mitoni, wakauyeyusha kwa mivukuto, wakafua mikuki, sime na mikufu myembamba ambayo hata leo mtu huistaajabia. Na Krapf aliandika kwamba watu wa Mombasa walikipenda chuma cha Ukambani kuliko kile kilicholetwa kutoka Bara Hindi. Lakini hesi ni jambo lingine. Nyundo na fuawe huweza kufanya umbo lolote la nje, ilhali hesi ya ndani ya kasiba yataka chombo maalumu cha kuikata, na mwenziwe yataka kipimo kisichokosea. Asiyekuwa na chombo hicho hulazimika kukigongomea kizibo kikiwa kimoto na kukipigilia msumari wa kupingana, na kazi ya namna hiyo hushikilia mara kumi, mara ishirini, mpaka siku isiposhikilia. Mhunzi aliyejua chuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kulijua hilo.

Julai 1851 Krapf aliondoka Rabai mara ya pili, akikusudia kuweka kituo cha misheni juu ya uwanda wa Yatta, ule mgongo mrefu wa mawe ya volkano unaoandamana na mto Athi, ambao mtu akisimama upande wa Kibwezi siku hizi huuona kama ukuta uliojengwa kwa kamba. Mambo hayakumwendea vema. Watumishi walimwacha, naye akaendelea hadi Kitui kwa Kivui, akakubaliana naye kwenda pamoja mpaka mto Tana. Walipokuwa wamekaribia mto, wanyang'anyi waliwavamia. Krapf alifyatua bunduki yake mara mbili, na mara zote mbili hewani, kwa kuwa nafsi yake ilikataa kumwaga damu ya mwanadamu. Kivui Mwendwa aliuawa hapo pamoja na baadhi ya watu wake, wengine wakatawanyika, na Krapf akajikuta peke yake msituni.

Hapo ndipo alipoinama Tana na kujaza mitutu. Tangu hapo akawa anakwenda usiku na kujificha mchana. Miiba na vichaka vilinyofoa yale majani aliyozibia midomo ya bunduki, sehemu ya maji ikamwagika, na yaliyosalia aliyanywa yakiwa na ladha ya baruti, naye anakiri kwamba kiu iliyafanya kuwa matamu. Yalipokwisha, aliteremka katika bonde la mto mkavu, akasikia sauti za nyani, akakuta shimo walilolichimba mchangani, lenye maji. Akanywa, na safari hii, kwa kutaka akiba kubwa zaidi, aliifungia baruti katika leso na kuijaza maji pembe iliyokuwa ya kuwekea baruti.

Tazama basi ilivyotokea: bunduki imekuwa mtungi na pembe ya baruti imekuwa kibuyu. Na kwa maelezo yake mwenyewe, maji yalipotea kwa mbele, penye zibo la majani alilolifanya yeye kwa haraka. Kwa nyuma, penye parafujo iliyofanywa na fundi ambaye hakupata kumjua, hakusema kwamba palivuja. Kwa hukumu yangu mimi, bunduki ile ilijaribiwa katika nyika ya Kitui mtihani ule ule wa mwisho wa maji, tena kwa siku nyingi na katika hali ya tikisatikisa, ikafaulu. Haikuua mtu, wala ndovu, wala hata kanga, na bado sijapata kusoma habari ya bunduki iliyomfaa mwenyewe kuliko hiyo katika nchi ile.

Aliporudi katika kijiji cha Kivui, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kifo chake, akahofia maisha yake, akatoroka usiku. Na mwezi wa Septemba alifika Rabai salama. Kituo cha Yatta hakikujengwa.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Majeshi ya Ulaya yalipohamia katika bunduki za kujazwa kwa nyuma, hasa tangu mwaka 1866, yale magobori ya zamani yalimwagwa Afrika kama vitu vikuukuu vimwagwavyo mnadani, na mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, aliarifu serikali yake kwamba silaha zilizoingia pwani hii kwa mwaka zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000. Tarehe 2 Julai 1890 madola yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliozuia bunduki za kisasa zisiuzwe Afrika, baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta, na kuruhusu ziuzwe bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida. Yaani wakuu wa dunia waliandika kwa kalamu kwamba Mwafrika atakayeruhusiwa kununua bunduki atanunua ile ambayo askari wao wenyewe hawangekubali kupewa. Mwaka uliofuata Waskoti wakafungua misheni yao Kibwezi. Ikaja barabara ya magari ya ng'ombe, ikaja reli iliyopita Makindu, na misafara ya miguu ikafa. Uwindaji wenyewe ulifungiwa milango mmoja baada ya mwingine: mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, sheria ya silaha ikapitishwa mwaka 1953, na mwaka 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama. Tanzania gobori bado lina leseni yake na wenyewe. Kwetu huonekana kwa nadra, darini au nyuma ya kabati la marehemu babu.

Na kwa ajili ya hilo la darini nina neno na wewe msomaji, uwe wa Mutomo au wa Wote. Masizi ya baruti huvuta unyevu, na unyevu huanza kazi yake penye hesi, ambapo hapaonekani. Gobori lililolala miaka sitini huenda lina kizibo kilichobakia jina tu. Tena mengi yaliwekwa na shehena yake ndani, kwa kuwa mwenyewe alilishindilia jioni, mnyama asije, na asubuhi akasahau. Na baruti iliyo kavu haizeeki. Usilivute mtambo kwa mzaha, usilitie moto kulisafisha, wala usichungulie mdomoni. Liache hapo lilipo, uwaondoe watoto, kisha mwite chifu au uende kituo cha polisi kilicho karibu uwaambie mahali lilipo.